Namna ya Kuipokea Barua ya Benki Inayokupenda Kupita Kiasi

Kwanza, shukuru. Ni saa tano na nusu usiku, nyumba nzima imelala, na benki imekukumbuka. "Mpendwa Mteja Mpendwa, akaunti yako imesitishwa kwa usalama. Bofya hapa ndani ya masaa 24 usipoteze fedha." Usiiharibu furaha hii kwa maswali madogomadogo, kwa mfano kama una akaunti katika benki hiyo. Yangu ilitoka kwa benki niliyowahi kuingia mara moja tu, kujikinga mvua, na bado moyo ulinienda mbio kwa ajili ya fedha nisizonazo.

Halafu pima huduma. Hiki ndicho kipimo changu kikuu. Benki ninayoijua mimi hunipa namba 147 wakati wanaita 98, madirisha matano, mhudumu mmoja, na huyo mmoja anajiandaa kwenda kula. Siku ya kufungua akaunti walitaka kitambulisho cha NIDA, picha mbili za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa. Barua ilipofika wakasema muhuri haujakolea. Leo watu walewale wakeshe kwa ajili ya salio langu la shilingi 11,400? Wanibembeleze? Wamalize kila kitu kwa kubofya mara moja, bila fotokopi? Huduma ikinyooka kiasi hicho, jua si wao.

Kiswahili chake utakicheka na kujiona mjanja. Taratibu. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alijiuliza kwa nini matapeli wa barua za urithi hujitaja waziwazi kuwa wako Nigeria, wakati kila mtu keshasikia habari zao. Jibu lake: hadithi mbovu ni chekeche. Wepesi wa kushtuka wanadondoka mapema, wanabaki watakaokwenda hadi mwisho, na tapeli hapotezi muda na mtu asiyelipa. Basi "Mpendwa Mteja Mpendwa" huenda si ujinga bali usaili, na heri ukaufeli. Isitoshe, siku hizi programu za akili bandia zimewanyooshea sarufi. Nimepokea barua ya kitapeli iliyoandikwa vizuri kuliko matangazo ya benki zenyewe.

Jina la mtumaji nalo usilisujudie. Yeyote anaweza kujiandika "Huduma kwa Wateja", kama yeyote anavyoweza kuvaa koti jeupe akajiita daktari. Ukiwashwa sana na udadisi, weka kidole juu ya kiungo na ukishikilie bila kufungua (ukiteleza shauri yako), anwani yake itajitokeza. Isome kutoka mkiani. Ikiwa ni benkiyako.co.tz.fulani.top, mwenye nyumba ni Fulani; hayo ya mbele ni mapazia tu.

Usimjibu, hata kwa matusi. Najua matusi yako ni mazuri, ila kwake yana maana moja: anwani hii ina mtu. Kesho utaletewa ndugu zake wote. Ama yule binamu wa kwenye simu, wa "ile hela itume namba hii", ujumbe wake upeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuripoti watu wa aina hiyo.

Sasa tarakimu sita. Shangazi yangu alikwisha kubofya na kujaza fomu, ndipo "afisa" mwenye sauti laini akapiga simu kuulizia ujumbe ulioingia muda ule. Shangazi alivaa miwani akamsomea wote kwa sauti ya kusomea risala: zile tarakimu sita, tena polepole, kisha sentensi ya chini yake, "Usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki." Afisa akamshukuru kwa usomaji mzuri. Hela ya kikoba, shilingi 250,000, ikaondoka kabla hajavua miwani.

Aliyekwisha kuingia mkenge hivi apige namba iliyo nyuma ya kadi yake, si ile ya kwenye barua, wamfungie kadi na akaunti, abadilishe nywila, kisha aende polisi kuchukua RB, namba ya taarifa yake. Tulifanya yote hayo, na asubuhi tukaenda benki. Mlangoni Shangazi alisita. Alikuwa haamini tena mtu yeyote mwenye tai. Tukapewa namba, tukakaa. Saa moja na nusu baadaye dirishani wakataka fotokopi ya kitambulisho. Tukavuka barabara hadi kibandani, shilingi 200, tukarudi, tukapanga foleni upya. Binti wa dirishani akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku, akasema bila kuinua macho, "Mama, mtandao uko chini, mje kesho."

Shangazi akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono.

"Hawa ndio wenyewe," akasema.