Herufi Tano Zimewashinda

Binti yangu anaitwa Beryl. Ni herufi tano tu. Halina ng' ya kupotezewa alama na kompyuta, halina dh ya kumbabaisha karani wa Nairobi, halina kistari. Nikiwa mjamzito nilishaamua kwamba jina litakuwa fupi, maana langu ni refu na limenitesa tangu darasa la kwanza. Sasa ninazo, kwa maandishi, Beril, Beryle, Berly, Berryl na Berill, bila kusahau Veryl, ambayo ni kazi ya shemeji yangu mmoja aliyesoma hadi chuo kikuu.

Wangekuwa watu baki ningenyamaza. Mhudumu wa duka la dawa akikosea namsamehe. Ananiona leo, kesho hanijui. Lakini hawa ni ndugu. Wamembeba mgongoni, wamemnywesha uji, na mmoja alimnyoa nywele za kwanza bila kuniuliza (hilo nitaliandikia safu yake). Wanajua anapenda omena na hagusi mbuta. Wanajua anamwogopa bata mzinga wa jirani. Jina tu ndilo halijawaingia.

Mimi ni nyar Awendo, yaani binti wa Awendo, Kaunti ya Migori, kwenye miwa. Nimeolewa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay. Zamani kote huko kulikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, na pengine mambo yalikuwa rahisi. Siku hizi ni kaunti mbili na kila kaunti ina tahajia yake. Awendo wameshika Beryle, na ile e ya mwisho wanaitetea kuliko wanavyotetea bei ya miwa. Rangwe wao ni Berly. L na y zimebadilishana viti na hakuna anayejua nani alizituma. Nikiwasahihisha kwetu, naambiwa ndoa imenitia maringo. Nikiwasahihisha kwa wakwe, mawifi wanatazamana, halafu mmoja anasema kwa upole wa kukera, "Mama Beryl, si ni lile lile?"

Si lile lile. Hoja yao ni kwamba ukilitamka linatoka vile vile. Sikatai. Hata mimi nikimwita kutoka jikoni, chapati ikiwa karibu kuungua, y hiyo siihitaji. Lakini nikiwa na kalamu mkononi na chapati sina, nitashindwaje kuiandika?

Na msije mkaniambia kwamba watu wetu hawajui kuandika. Waya wa Beryl, yaani shangazi yake, ameolewa Kanyadhiang. Kanyadhiang ina herufi kumi na moja, na mama huyu huiandika kwenye simu huku amesimama kwenye matatu inayopita juu ya matuta, bila kukosea hata moja. Hata jina kama Nyang'oma analiandika na kile kialama chake juu. Ukifika kwa Beryl, mkono unapooza. Nimemuuliza kwa heshima, maana waya haulizwi vivi hivi, akanijibu kwamba hayo majina yenu ya siku hizi hayana kichwa wala miguu. Jina la siku hizi! Kati ya wasichana niliosoma nao Awendo, Beryl walikuwa wawili darasani.

Jambo wasilolielewa ni kwamba wakiliharibu jina la mtoto wameliharibu na langu. Kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Mimi ni Min Beryl kwa wazee, Mama Beryl kwa wengine wote. Niliwahi kushika simu ya wifi yangu nimtafutie nambari ya fundi, nikajikuta humo nimeandikwa Mama Berly. Hata picha yangu ilikuwa hapo, nimecheka, sijui ninachochekea.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mambo ni mabaya zaidi, maana huko kosa moja huzaa. Mkubwa akiandika kitu, wadogo wote wananakili wakidhani mkubwa anajua. Mtoto alipolazwa na malaria, mjomba mmoja alitaka kumwombea, simu yake ikamsahihisha bila idhini, ikaandika Berlin. "Mungu aiguse Berlin." Waliofuata wakaandika amina, amina, Berlin atapona. Kufikia jioni jamaa yetu wa Uriri alikuwa ameuliza ni nani wa ukoo aliyeko Ujerumani, na kama anaweza kumsaidia kijana wake kupata viza.

Hayo yote nimeyavumilia. Kilichonimaliza ni matanga ya babu wa mume wangu.

Mnajua mazishi ya kwetu. Mahema yanakodishwa, spika zinasikika hadi ng'ambo ya mto, na lazima pawe na kile kijitabu cha rangi chenye wasifu wa marehemu, picha yake akiwa kijana na orodha ya alioacha: wake, watoto, wajukuu, vitukuu. Kijitabu kilichapishwa mjini Homa Bay usiku wa kuamkia maziko. Orodha ya vitukuu ilikusanywa na watu wawili wasiosemezana kwa sababu ya shamba, kila mmoja na karatasi yake, na kijana wa saiba akaziunganisha karatasi zote mbili bila kuuliza swali. Nikafungua ukurasa wa vitukuu. Karibu na juu: Beril Achieng. Chini kabisa, karibu na shukrani kwa majirani: Berly Achieng.

Nikajisemea labda hakuna atakayesoma. Mshereheshaji akatangaza kwamba vitukuu watasimama mmoja mmoja, waombolezaji wauone mti ambao mzee ameupanda. Akaita Beril. Mtoto wangu akasimama, kanadhifu, soksi nyeupe, watu wakapiga makofi, akaketi. Majina yakaendelea. Halafu nikasikia, "Berly Achieng!" Kimya. "Berly yuko wapi? Berly hakuja kumzika babu yake?" Mzee mmoja nyuma akajibu, kwa uhakika wote duniani, kwamba Berly yuko bweni, hawakumpa ruhusa. Watu wakaanza kuilaumu shule. Nikaona hili litafika kwa chifu. Nikamsukuma mtoto, akasimama tena. Mama aliyekaa nyuma yangu akashika mdomo: "Kumbe ni pacha!" Akainama akaninong'oneza kuniuliza yupi ni Apiyo na yupi ni Adongo, maana pacha kwetu hawaitwi hivi hivi tu, lazima ijulikane aliyetangulia.

Ningekuwa nimesahau, ila wiki iliyofuata mweka hazina wa familia akanipigia. Kila mzazi alikuwa amekubali kulipia fulana za watoto wake, zile zenye picha ya marehemu kifuani. Kwenye daftari lake mimi nadaiwa mbili. Nikamweleza. Akasema anafuata kijitabu, na kijitabu kimeshachapishwa. Nikalipa. Fulana ya Berly ninadekia.

Wakati mwingine nadhani ni maji ya ziwa. Au labda ni historia tu. Mwaka 1906 wamishonari wa Kiadventista waliweka makao Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaleta Biblia na shule, na baadaye mtambo wa kuchapa. Wakatoliki nao wakaja na Asumbi yao. Majina ya Biblia yakaingia vijijini kwa sikio kwanza, kalamu ikafuata baadaye ikihema. Rispa, suria wa Mfalme Sauli, kwetu ni Risper. Dorkasi wa Yafa anaandikwa Dorcus. Trifaina na Trifosa, ambao Paulo anawasalimu katika Waraka kwa Warumi, utawakuta Oyugis na Rongo wakiitwa Truphena na Truphosa. Hata yasiyo ya Biblia hayakupona: Helen ameongezewa l, Maureen amekuwa Mourine, na hao ni wauguzi, walimu wakuu, wenyeviti wa vyama vya akina mama. Mwambie Risper kwamba jina lake limekosewa uone kama hatakutolea kitambulisho.

Hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Kosa likizeeka linapata heshima. Linapata kitambulisho, linaolewa, wajukuu wanarithishwa. Sitaki miaka mia ijayo pawe na akina Berly kutoka Rangwe hadi Ndhiwa, na asili yao wote iwe ni kijana wa saiba aliyekuwa na usingizi.

Na msidhani ukubwa unamkinga mtu. Babake Barack Obama asili yake ni huko huko Kanyadhiang kwa waya. Mwanawe alitawala Marekani miaka 8, kuanzia 2009 hadi 2017, jina lake likiandikwa na magazeti ya dunia nzima kila siku kwa r moja. Pita sasa madarasani kwetu uone orodha za wanafunzi: Barrack, r mbili, wamejipanga. Kama Ikulu ya Marekani haikuweza kuiondoa r moja, mimi na daftari langu nitaweza nini?

Rafiki yangu wa Isebania, Mkuria, hunicheka. Anasema kwao msichana anaandikwa Boke, akivuka hapo Sirari tu anakuta wenzake wengi wa Tanzania wanaandika Bhoke, na hakuna aliyekosa usingizi. Nimemwambia wao wana mpaka wa nchi mbili na maofisa wa kugonga mihuri. Kati ya Awendo na Rangwe hakuna forodha.

Wanaosema natia chumvi hawajawahi kukimbizana na makaratasi. Siku niliyojifungua sikuweza hata kusimama, na aliyetumwa dirishani kumpa karani jina la mtoto ni wifi. Si yule wa Veryl, huyo ni mwingine. Ukoo huu una hazina. Nilipoletewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa ilikuwa inasema Berly, na juu yake pametulia muhuri. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inampa mzazi miaka 2 tangu mtoto asajiliwe ili apeleke jina lililobadilishwa, kwa ada. Nilienda mapema, maziwa yakinivuja, nikalirekebisha. Kwa sababu cheti cha kuzaliwa ndicho kinachofuatwa na shule, ndicho baraza la mitihani linachotaka, na mwisho ndicho kinachoombewa kitambulisho. Herufi ikipotea mwanzoni inapotea njia yote. Ukigundua mtoto ameshakuwa mtu mzima, andaa hati ya kiapo, andaa wakili, andaa hati ya kubadili jina, kisha utangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Lifungue siku moja. Utawakuta watu wazima wanaitangazia Jamhuri kwamba wameacha jina moja na kushika jingine, na pengine tofauti ni herufi moja iliyowekwa na shangazi.

Mume wangu anasema nipumzike. Eti jina ni la mtoto, akikua atalipigania mwenyewe. Rahisi kusema ukiwa unaitwa Tom.

Nimebakiwa na silaha moja, na ni ya wazee wenyewe. Zamani kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee walianza kuyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka litajwe lile linalotakiwa. Hapo mtoto hunyamaza. Wahenga hawakubali jina la karibu karibu. Basi nimeanza kueneza, kwa sauti ya chini ili ifike haraka, kwamba kila mara Beryl akiongezewa e ya mwisho usiku haamki vizuri. Dani yake wa Awendo, yaani nyanya yake, tayari ameacha kuiandika. Waya bado anachunguza.

Sasa ninyi ndugu zangu, Desemba inakuja na nimesikia mnapanga kumkatia Beryl keki. Asanteni, nyote, kutoka Sare Awendo hadi Rangwe sokoni. Naomba kabla hamjamlipa fundi wa keki mnipigie nimsomee herufi moja moja: B, E, R, Y, L. Nambari yangu mnayo. Mkiniomba nauli huwa hamkosei hata tarakimu.