Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani: Naomba Sub-Zero Aitwe Shaurini

Waheshimiwa,

Baada ya taadhima ziwastahikizo watu wa daraja zenu, mimi niliye mmoja wa Waswahili waliohamia kwenu wakalea watoto katika shule zenu, nawaandikia kutoa shukrani kwa bidii yenu isiyojua uchovu. Kwani kila risasi zimiminwapo darasani, maiti hazijatiwa hata kaburini, hakosekani kati yenu wa kusimama mbele ya kamera, uso umemsawijika kwa huzuni, akatutajia mkosaji, na mkosaji, subhanallah, ni yule yule wa siku zote: mchezo wa video.

Uhodari huu si wa jana. Desemba 1993 mlikaa kitako kuujadili Mortal Kombat, mkamtazama mpiganaji wake Sub-Zero aking'oa kichwa cha mwenziwe pamoja na uti wa mgongo, mkaghadhibika hata mwaka uliofuata watengenezaji wakaunda bodi ya kutia alama za umri makashani. Baada ya mauaji ya shuleni Columbine, 1999, zamu ikawa ya mchezo wa Doom. Machi 2018, wiki chache tangu watu 17 wauawe shuleni Parkland, Rais wenu aliwaita Ikulu wenye kampuni za michezo wakaonyeshwa mkanda wa mauaji ya skrini. Na Agosti 2019, baada ya mauaji ya El Paso yaliyotokea dukani mwa Walmart, kampuni hiyo iliamuru maduka yake yashushe mabango ya michezo ya mapigano. Bunduki zikaendelea kuuzwa.

Madhali bangusilo mmekwisha kumpata, naomba haki itendeke kikamilifu.

Kwanza, Sub-Zero aitwe shaurini yeye mwenyewe. Apelekewe hati rasmi, apewe wakili, kiti, na bilauri ya maji, ambayo kwa kuwa kila akigusacho huganda, ibadilishwe mara kwa mara na tarishi mwenye glavu nene. Akisha kuapishwa, aulizwe alikuwa wapi asubuhi ya tarehe 14 Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 walipouawa katika shule ya Sandy Hook. Atajibu kwamba alikuwa kashani, na kasha lina herufi M, yaani hamfai aliye chini ya miaka 17. Asisadikiwe upesi, apekuliwe mikono, mikunjo ya vazi na ile barakoa, na ikipatikana risasi hata moja isiyo ya barafu, afungwe maisha katika gereza la jangwa la Arizona, ayeyuke taratibu mbele ya waandishi wa habari.

Pili, Mario wa mchezo mwingine ahojiwe juu ya kasa aliowakanyaga. Tatu, Mahakama Kuu yenu ikaripiwe, kwa kuwa mwaka 2011, majaji 7 kwa 2, iliifuta sheria ya California iliyokataza watoto kuuziwa michezo ya ukatili. Nne, wanasaikolojia wenu watiwe adabu, maana chama chao kilinena mwaka 2020 kwamba michezo yaweza kuambatana na kufoka na kusukumana, lakini ushahidi wa kuitwika umwagaji damu hautoshi.

Juzi mwanangu wa darasa la pili alinionyesha sebuleni namna ya kujikunyata nyuma ya kabati taa zikiwa zimezimwa, akanionya nisikohoe, kwa sababu akikohoa mmoja hujulikana wote. Hayo hakuyapata mchezoni. Kafundishwa na mwalimu wake, kwa kuwa ninyi, Aprili 2013, mlipotakiwa kupanua tu uchunguzi wa wanunuzi wa bunduki, kura 54 zilisema ndiyo, 46 zikasema la, na kwa kanuni mlizojitungia wenyewe hizo 54 hazikutosha. Huo si ujinga, kwani ujinga una udhuru. Ni woga wa watu wazima wanaomhofu muuza bunduki kuliko mama wa marehemu.

Niwieni radhi, ghaidhi ilinitangulia. Narejea kwenye adabu na ombi la mwisho: mtumeni mjumbe Japani, kwa watu waliobuni michezo mingi ya video na wanaoicheza usiku kucha, awaulize wanakosea wapi hata vifo vyao vya risasi kwa mwaka mzima aghalabu visifike mia, ilhali kwenu, mwaka 2021 peke yake, vilizidi 48,000.

Naomba jibu kwa maandishi, kabla ya maziko yajayo.

Wenu mtiifu,
Mzazi