Sifa za Kiroba cha Udongo

Vimesifiwa vingi katika lugha hii: majahazi, minazi, wake wazuri, viongozi wakiwa bado madarakani. Kiroba cha udongo wa maua hakijasifiwa na mtu. Aibu hiyo naiondoa leo.

Nakisema kile kinachouzwa kando ya barabara za Dar es Salaam, pale wauza maua wanapopanga miche yao chini ya miti. Mnunuzi huambiwa kwamba ndani mna udongo mweusi wa msituni, uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na pumba za mpunga. Juu ya kiroba pameandikwa “Unga wa Ngano”, kilo 25, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hiyo ndiyo hati pekee utakayoipata, na ni hati ya bidhaa nyingine.

Sifa yake ya kwanza ni ukarimu. Unalipia udongo, unapewa na nyongeza: vifuniko vya soda, mfupa wa paja la kuku, kipande cha sahani ya udongo chenye ua la buluu, kandambili ya mtoto, ya kushoto. Sifa ya pili ni kufundisha subira. Ya tatu ni kuimarisha mgongo. Hizo mbili sizielezi, mwenye mgongo anajua.

Lakini sifa kuu ya kiroba, iliyonifanya nishike kalamu, ni kueneza elimu. Hakuna chuo nchini kinachotoa wataalamu wengi kwa muda mfupi na kwa ada ndogo kiasi hicho. Chukua kitu kimoja tu: punje nyeupe ya mviringo, yenye ukubwa wa punje ya mtama au zaidi kidogo. Unaifukua kwa kidole wakati unapanda mrihani wako barazani. Kabla ya dakika hiyo jengo letu lilikuwa na watu wa kawaida: mhasibu, dereva, fundi cherehani, mstaafu wa reli. Punje ilipotokeza, wote walipanda vyeo palepale. Mzee wa reli aliitazama kwa mbali, mikono nyuma, akatamka kuwa ni yai la nyoka. Fundi cherehani akampinga kwa heshima, “Shikamoo mzee, lakini hili ni la mjusi kafiri.” Mhasibu alisema ni mchele wa plastiki, ule uliowahi kuvumishwa mitaani, na kwamba yeye alitoa tahadhari zamani. Mama wa ghorofa ya juu aliuliza kwa sauti ya upole kama kuna mtu niliyekosana naye siku za karibuni. Shemeji yangu, ambaye hajapanda hata mchicha maishani mwake, alishauri jongoo atupwe na mti wake, yaani punje, udongo, ndoo na mrihani, vyote kwa pamoja.

Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Aliyeigusa punje hakuwapo.

Nakiri kwamba elimu yenyewe, ukiifuata mpaka mwisho, ni tamu. Ibane ile punje kwa kucha. Ikisagika ikawa unga mkavu, ni perlaiti: kioo cha volkano kilichofungia maji kidogo ndani yake. Kikichomwa tanurini kwa joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, maji hugeuka mvuke na kioo hufura kama bisi. Wazungu huiweka katika udongo wa dukani ili mizizi ipate hewa, kisha mche ukiuzwa, ukahamishwa, ukafa, udongo wake unarudi kwenye viroba vyetu. Ikiwa punje inatoa maji na kubaki ganda laini, hiyo ni mbolea iliyovikwa utando ili itoke polepole, na ganda hukaa chunguni muda mrefu baada ya mbolea yenyewe kwisha. Na ikiwa punje zimekaa kundi zima mahali pamoja, za rangi ya maziwa yaliyoelekea manjano, nakuomba usimame wima. Hayo ni mayai ya konokono, na konokono huyo ni mwenzetu.

Huyu ni konokono mkubwa wa Afrika, mzaliwa wa upande huu wa Afrika Mashariki. Pasipoti hana, lakini ameshafika Asia, visiwa vya Pasifiki na Amerika. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii akiwa na konokono 3, na bibi yake akawaachia bustanini. Jimbo la Florida lilihitaji karibu miaka 10 na zaidi ya dola milioni 1 kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena. Ni Waafrika Mashariki wangapi walioishughulisha serikali ya Marekani kiasi hicho? Nami ninao ndugu zao ndani ya ndoo ya rangi, chini ya asumini, na hakuna waziri aliyekuja kupiga nao picha.

Uyoga wa manjano unaochomoza usiku mmoja baada ya mvua sitausemea sana. Mwingereza James Bolton alikwisha kuuandika mwaka 1788, na hauliwi.

Ipo na kozi ya juu zaidi. Siku moja kilitoka kiumbe cheusi, chembamba, kinachong'aa, kifupi kuliko kalamu. Mtu wa haraka angesema ni nyungunyungu. Lakini nyungunyungu ana pingili, na mwili wake hurefuka na kufupika anapokwenda. Huyu alikuwa laini mwili mzima, anapinda kushoto na kulia, na kila mwanga ulipompata alizamisha kichwa udongoni. Kichwa chenyewe huwezi kukitofautisha na mkia mpaka uinamishe uso karibu, ndipo unapoona nukta mbili chini ya magamba. Hayo ndiyo macho. Ni nyoka kipofu, na Wamarekani humwita nyoka wa chungu cha maua kwa sababu amezunguka dunia akiwa ndani ya vyungu. Asili yake ni Asia. Mfaransa Daudin alimpa jina la kisayansi mwaka 1803. Hawezi kumdhuru binadamu. Chakula chake ni mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Tena wote ni majike: hutaga bila dume, hivyo mmoja tu aliyejificha kwenye mizizi ya mche anatosha kuanzisha ukoo ng'ambo ya bahari.

Hayo yote niliyaeleza kwenye kikao cha dharura cha wakazi, lakini niliyaeleza kwa marehemu. Mzee wa reli alikuwa amekwisha kumwaga mafuta ya taa, na dereva alikuwa na jembe. Mashtaka yalisomwa baada ya hukumu kutekelezwa. Kisha wote wakapeana mikono.

Kwa kuwa raia mwema hutafuta wataalamu wa kweli, nilipeleka kiumbe kingine kwenye ofisi moja ya umma inayohusika na mambo ya mimea. Alikuwa funza mnene, mweupe, kichwa cha kahawia, amejikunja kwenye kopo la siagi. Ofisa alinisikiliza vizuri bila kulitazama kopo. Akauliza kama nina barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nikamjibu kwamba mimi nafahamika, anayetaka kutambuliwa ni funza. Akasema mtaalamu yuko semina Dodoma, niache namba ya simu. Nikaiacha. Simu hiyo bado naisubiri.

Aliyemtambua funza ni fundi bomba, mtu wa Mafia, aliyekuja kuziba bomba la jikoni. Alichungulia kopo na kusema bila kuacha kazi, “Mtoto wa chonga huyo.” Chonga ni yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi mpaka makuti yanatoka yamekatwa pembetatu. Watoto wake hukulia kwenye samadi na magogo ya minazi yaliyooza. “Wape kuku,” akaongeza. Nikaona nimepata mwalimu, nikamletea na kokwa moja ngumu iliyonishinda. Aliigeuza, akainusa, akanirudishia. “Hii siijui, kaka.” Miaka yote niliyokaa katika jengo lile, sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtu.

Ningeendelea kusifu mpaka kesho kama si sindano.

Ilikuwa imelala upande, ncha juu, katikati ya samadi, na bomba lake la plastiki bado limeshika. Kidole changu kilipita kando yake. Hapo sina utani. Sindano haioti msituni. Mhasibu alisema lazima ni ya ng'ombe, maana ng'ombe hudungwa. Haya, na betri ya redio iliyovimba na kutoa maji meusi, nayo ni ya ng'ombe? Na nepi? Na lile rambo la buluu, wakati mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019? Ndani ya ndoo yangu marufuku haijatangazwa.

Nilivirudisha vyote kwa muuzaji, nikavipanga juu ya meza yake. Alivitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi.

“Bosi, hiyo ndiyo rutuba yenyewe.”

“Betri ni rutuba?”

“Udongo ukiwa safi mno, maua hayastawi.”

Nilipombana aliniambia kuwa yeye huletewa na mtu wa lori. Mtu wa lori, nilipomvizia, alisema yeye huchota pale alipoonyeshwa. Alikoonyeshwa ni ukingoni mwa dampo, na sababu yake ni nzuri: pale udongo ni mweusi kweli, umeiva, haudai kukata msitu wowote. Ni mweusi kwa sababu mabaki ya wali, maganda ya ndizi na majani ya chai yameoza humo. Na sindano imo humo kwa sababu katika nyumba zetu, na katika zahanati zetu za uchochoroni, maganda ya ndizi, dawa zilizokwisha muda, betri na nepi vyote huingia mfuko mmoja, na kijana wa mkokoteni huupokea mfuko huo kila wiki. Jengo langu lenye wataalamu wote wale lina pipa moja la taka. Nililichungulia. Juu kabisa palikuwa na betri.

Australia, mfuko wa udongo wa maua huandikwa onyo: vaa glovu, funika pua, ufungue mahali penye hewa, kwa sababu unaweza kuwa na bakteria aitwaye Legionella longbeachae anayeleta homa ya mapafu. Wetu umeandikwa Unga wa Ngano. Mtu akichomwa na sindano ya kwenye kiroba leo, sijui atamshtaki nani: muuza maua, mtu wa lori, halmashauri inayosimamia dampo, au kiwanda cha unga.

Bado nanunua palepale, kwa sababu waliopo karibu wote wanaletewa na lori lilelile. Ukienda, mwambie amwage kiroba juu ya turubai kabla hujalipa. Vaa glovu nene za mpira, udongo uupitishe kwenye chekecheo la mchanga, na sindano uiweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, si kwenye pipa la jikoni. Jongoo mwache aende zake. Na ukimwona yule nyoka mdogo mweusi, mfukie taratibu pembeni mwa ukuta, na usimwite jirani yeyote.