Elimu ya Kilomita 500

Wanafunzi wa Matsangoni, Kilifi, wakipelekwa Nairobi, safari huitwa ya elimu, na mzazi anayeuliza bei huonekana adui wa elimu yenyewe. Basi hula zaidi ya kilomita 500 ili watoto wakaone Bunge na vitu vya kale kwenye makumbusho. Vya kale! Gede iko jirani tu, na misikiti yake, kasri yake na visima vyake. Kaure za Uchina zilifukuliwa humo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ikakuta kinamasi, Gede ilikuwa imeshakuwa gofu zamani. Ila ina dosari moja isiyosameheka: ukienda asubuhi, adhuhuri umesharudi, na hapo posho ya kulala nje utaidai vipi?

Atasema mtu kwamba mtoto wa pwani naye ana haki ya kuwaona wanaomtawala walipo. Hoja nzito, naikubali, na ndiyo maana namtaka aende Malindi. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti zahanati na chekechea, na bunge la Kaunti ya Kilifi linalopitisha bajeti yake liko hapo Malindi, nauli ya matatu inatosha. Akikaa kwenye viti vya wageni, huenda akamsikia mwakilishi wa wadi yake akichangia, au asimsikie kabisa, na hilo nalo ni somo. Nairobi atapigwa picha mbele ya jengo. Malindi anaweza kuuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi, na safari ya namna hiyo sijui mheshimiwa gani ataifadhili.