Ngeli za Uchafu wa Tamasha: Utafiti wa Awali Kutoka Mpanda

Elimu ya viumbe mkoani Katavi imeegemea mno upande mmoja. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Katavi itangazwe mwaka 1974, wataalamu wamekuwa wakipishana kwenda kutazama viboko wa mto Katuma wakigombania tope la kiangazi. Wamehesabu nyati, wamepima eneo lote wakapata kilomita za mraba 4,471. Wakifika Mpanda mjini hununua maji na vocha, kisha hao, Sitalike, kwenye lango la hifadhi. Hakuna hata mmoja aliyesimama uwanjani asubuhi ya Jumapili, baada ya tamasha la muziki la Jumamosi, akaandika ni vitu gani vimelala pale, vimetoka wapi na nani kavizaa. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Nimechagua neno ngeli na kuliacha spishi, kwa kuwa spishi zina wenyewe, nao wana sare na magari ya wazi.

Kabla ya kugusa uchafu, tuyatenge matamasha yenyewe. Lipo kundi la kuhamahama, ambalo mifano yake mashuhuri nchini ni Fiesta ya Clouds na Wasafi Festival iliyoanza mwaka 2018. Hili huzaliana Dar es Salaam na kutawanyika mikoani kwa malori, likifuata fedha kama nyumbu wanavyofuata majani. Katika mikoa ya huku fedha huota baada ya mavuno, mpunga na tumbaku zikishauzwa, yaani katikati ya kiangazi. Kundi la pili ni la wakazi: kwaya za makanisa, ngoma za makazi ya Katumba zilizovuka mpaka na wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, na mashindano ya ngoma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao hadi bonde la Mpimbwe. Tofauti kuu ya makundi haya, kisayansi, ni kwamba la kwanza likiondoka huacha kitu.

Ngeli ya kwanza ni ya vinavyonguruma, na mkubwa wake ni jenereta la dizeli. Mtu wa Mpanda anamjua mnyama huyu kuliko mtu wa Dar, kwa sababu kwa miaka mingi mji mzima uliwashwa naye. Gridi ya taifa ilikuwa mbali, na TANESCO ilizalisha umeme hapahapa kwa mafuta yaliyosafirishwa. Hata leo, umeme wa gridi ukiwepo au usiwepo, mwandaaji wa tamasha hujiona hajakamilika bila jenereta lake nyuma ya jukwaa, limefungwa kamba nyekundu kama jeneza la chifu.

Tabia ya ulaji wake inajulikana. Jenereta la kVA 100, likibeba mzigo wa kutosha, hunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ya ukaa, uzito unaozidi ule wa lita yenyewe. Wengi hubisha hapo, mpaka wakumbushwe kwamba oksijeni nayo imepanda kwenye mzani.

Sasa tazama saa. Tangazo linasema burudani ni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Msanii mkubwa anapanda saa sita usiku. Kati ya nyakati hizo mbili taa zinawaka, spika zinavuma, na mshereheshaji anauliza: "Mpanda mpooo?" Watu wapo. Wamelipa kiingilio, na tiketi ziko mifukoni kama ushahidi. Anauliza tena, safari hii upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia, kisha anayapambanisha makundi hayo mawili kuona lipi lipo zaidi. Kwa muda huo jenereta limeshakunywa lita 90 hadi 120, na limetoa hewa ya ukaa kilo 240 hadi 325 hivi, kujibu swali ambalo mkata tiketi alishalijibu getini.

Ndani ya ngeli hii hii wamo mafundi muziki, ambao imani yao ni kwamba tatizo lolote la sauti linaponywa kwa kuongeza sauti. Fizikia inawakatalia. Ukiongeza nguvu ya vikuza sauti mara mbili unapata desibeli tatu tu, na mtu aliyesimama nyuma, karibu na wauza mahindi, atazitambua kwa shida. Ili asikie muziki kana kwamba umekua maradufu, nguvu lazima iongezwe mara kumi hivi. Wakati huohuo, katika uwanja wa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli sita. Dawa yake basi ni kuzigawa spika, nyingine zikae katikati ya uwanja karibu na watu, badala ya kujenga ukuta mmoja mbele unaowaziba masikio wa safu ya kwanza ili wa safu ya mwisho waambulie besi. Wahenga waliligusa jambo hili waliposema ngoma ivumayo haidumu, ila hawakuacha takwimu.

Kuna pia jenereta la heshima. Hili ni kubwa kuliko kazi, na limekodiwa kwa sababu kamati ya mkoa jirani ilikodi la ukubwa huo. Injini ya dizeli ikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake haiunguzi mafuta vizuri. Inatema masizi, inachafuka ndani, na kila lita inafanya kazi kidogo kuliko inavyopaswa. Lile jukwaa la taa za zamani za wati 1,000 kila moja limeshapitwa na taa za LED zinazotoa mwanga wa kutosha kwa sehemu ndogo ya umeme huo, lakini jenereta halijaambiwa. Linaendelea kukodiwa kwa vipimo vya babu yake.

Ngeli ya pili ni ya vinavyotupwa. Hapa mtafiti anafarijika, maana miongoni mwake kuna viumbe vilivyokwisha kutoweka, na tarehe za vifo vyao zinajulikana kwa uhakika ambao wataalamu wa mifupa ya kale wangeuonea wivu. Kiroba cha pombe kali kilitoweka tarehe 1 Machi 2017. Rambo, ule mfuko wa plastiki, lilifuata tarehe 1 Juni 2019, na ukikamatwa nalo faini yake huanzia shilingi 30,000. Rambo likaacha mtoto, kile kifungashio laini kinachoonyesha, ambacho kazi yake halali ni kufungia bidhaa lakini kikajipandisha cheo kuwa kibebeo, hadi serikali ikalazimika kukikataza nacho mwaka 2021. Bado huonekana nyakati za usiku.

Wanaoishi kwa wingi uwanjani ni chupa ya maji ya plastiki, sahani laini ya chipsi, mrija na kopo la bia. Chupa ya maji ndiyo yenye adui wa asili. Waokota chupa huingia uwanjani alfajiri wakiwa na magunia, na kwenye miji iliyo karibu na viwanda huwa wamemaliza kazi kabla manispaa haijaamka. Mpanda haina bahati hiyo. Chupa tupu ni hewa iliyovaa plastiki, na kuisafirisha zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar ni kulipia nauli ya hewa. Kwa hiyo bei ya kilo huku haimvuti mtu, na chupa nyingi huishia kuchomwa au kuteremka na maji ya mvua ya kwanza.

Kuna vitu ambavyo mtaalamu wa nje angeviandika kama taka na angekuwa amekosea. Fulana ya mdhamini haitupwi. Itavaliwa shambani hadi nembo ikose herufi. Bango la fleksi lenye sura ya msanii huvuliwa usiku uleule na watu wasiojulikana, na baadaye hutandikwa uani kuanikia mpunga. Hapa nidokeze kwamba pleibeki, ambayo mashabiki huilalamikia sana, ni aina ya urejelezaji: sauti moja iliyorekodiwa mara moja hutumika Mpanda, Sumbawanga na Kigoma bila kuongeza malighafi yoyote.

Ngeli ya tatu ina kiumbe mmoja tu, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote: chupa ya kreti. Mfuate mama mwenye meza ya soda nje ya geti.

"Mama, nipe Fanta niondoke nayo."

"Na chupa yangu, mwanangu?"

"Nitairudisha."

"Basi acha hela ya chupa."

Mjadala umekwisha. Chupa ile ya kioo imeshanywewa na vinywa vingi, imeoshwa kiwandani, imerudi Katavi ikiwa na mikwaruzo kiunoni, na itarudi tena. Huko Uingereza, tamasha la Glastonbury lilisifiwa duniani kote mwaka 2019 kwa kuacha kuuza vinywaji katika chupa za plastiki za kutumia mara moja. Huko Roskilde, Denmark, watu hulipa dhamana ya glasi na makopo na kurudishiwa wakiyarejesha. Mama wa Mpanda amekuwa akiendesha mfumo huo miaka yote bila kongamano.

Hata hivyo chupa ya kioo ina tabia ya pili, ya kuruka. Msanii akichelewa sana, au akiimba nusu ya wimbo na kuiachia pleibeki nusu nyingine, chupa huelekea jukwaani. Ndiyo maana walinzi huizuia getini, na ndiyo maana ndani hutawala plastiki. Yaani uchelewaji, ambao tumeshauona ukinywa dizeli, ndio pia unaoifukuza chupa safi na kuileta chafu. Njia ya katikati ipo na si ngumu: ile hela ya chupa ivuke geti, iwekwe juu ya chupa ya plastiki. Shilingi mia moja kwa kila chupa inayorudi kaunta zingetosha kuwafanya watoto wa kata ya Kashaulili wausafishe uwanja kabla wimbo wa mwisho haujaisha.

Ya mkaa nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa mishikaki ni mitamu na sitaki ugomvi. Tanuri la udongo huhitaji kilo sita hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Jiko banifu hupunguza mzigo. Basi.

Ngeli ya usafiri inastahili kuwashtua wasomi wa Ulaya. Kwao, hesabu za matamasha huonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutoka kwa watazamaji, wanaotoka mbali kwa magari na ndege. Mpanda hesabu hiyo inasimama kichwa chini. Watazamaji wanakuja kwa miguu kutoka Makanyagio au Kawajense, au wanapanda watatu kwenye bodaboda moja, kinyume cha sheria lakini kwa manufaa ya tabaka la ozoni, kama alivyojieleza mmoja wao akichanganya masomo. Wanaochafua ni upande wa jukwaa: malori ya vyuma, msafara wa V8, ndege ya meneja. Na hakuna anayewaza treni. Reli ya Mpanda inayochepuka Kaliua ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na hadi leo inabeba watu na mazao. Spika hazina haraka. Zingeweza kutangulia kwa behewa, msanii akazikuta zipo, badala ya yeye kuzisubiri.

Ngeli ya mwisho ni mti wa picha. Kila tamasha linalojiita la kijani lazima lipande mti. Mgeni rasmi anapewa jembe lililofungwa utepe, mche unaingia shimoni, kamera zinafanya kazi, maji ya chupa (ya plastiki) yanamiminwa. Shughuli hiyo hufanyika Agosti. Katavi mvua huanza Novemba, na mbuzi hawana msimu. Wakati huohuo, wilayani Tanganyika, vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi ya biashara ya kaboni kwa kutoikata miti iliyosimama tayari. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Kamati yenye haja ya kweli na miti ingeyauliza maswali yake huko.

Nimebaki na kundi la wakazi, ambalo linanisumbua kuliainisha kwa sababu uchafu wake ni haba. Ngoma ya Kisukuma huanza mchana, jua likiwaka bure. Makundi mawili hasimu ya wachezaji, Wagika na Wagalu, huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, kwa hiyo anayechelewa amekwisha kushindwa. Katika ngoma ya bugobogobo vifaa vya jukwaani ni majembe, ambayo msimu ukifika yanarudi shambani. Siku hizi nao wameanza kukodi spika, nisidanganye, na vumbi wanalotimua linatosha kufunika kata nzima. Lakini wanajua jambo ambalo matamasha makubwa hayajalifikia, kwamba muda wa mtazamaji na nguvu ya kumtumbuiza vinatoka kwenye akiba moja.

Kwa kamati ya tamasha lijalo, sitaomba paneli za jua wala mshauri kutoka nje. Ombi langu ni kifungu kimoja kwenye mkataba wa msanii: iandikwe saa ya kupanda jukwaani, na kila saa atakayochelewa, dizeli ailipe yeye.