Sifa za Mruko Usiofika

Vijana wa ofisini wanailaani Vim, programu tunayoandikia msimbo. Wanasema unaweka kielekezi juu ya jina la fanksheni, unabonyeza Ctrl pamoja na mabano mraba ya kufunga ili upelekwe pale fanksheni ilipoandikwa, nayo inakutupa kwenye faili usilolijua. Naomba niitetee. Nimetupwa kila siku kwa miezi minane, na sijapata kuwa msomi kiasi hiki.

Chukua fanksheni yetu iitwayo save. Ctags, programu inayotengeneza faharasa ambayo Vim huisoma, ilikuta save 14. Moja ni yetu, imo ndani ya src, folda ya msimbo wetu. 13 zimo node_modules, folda ya maktaba za watu wengine. Faharasa hupangwa kwa alfabeti, n hutangulia s, na majina yakifanana Vim hukupeleka kwa la kwanza. Chini ya skrini inakuandikia kwa upole kwamba hiyo ni ya 1 kati ya 14. Huo ndio uungwana: wageni wapakuliwe kwanza, wenyeji watajijua. Kwa njia hiyo nimejua jinsi mtu nisiyemfahamu anavyohifadhi picha, na mwingine anavyohifadhi tarehe. Jinsi sisi tunavyohifadhi ankara za wateja, kazi niliyoajiriwa kuifanya, hilo lilisubiri.

Adabu yake huonekana zaidi faharasa inapochakaa. Katika kila tegi, yaani kila ingizo la faharasa, Ctags huweka nakala ya mstari wenye fanksheni. Mwenzako akiongeza kigezo kimoja kwenye mstari ule, anwani imekufa. Programu nyingine ingekukatalia mlangoni. Vim hutafuta mstari unaofanana na ule, inakutua hapo, kisha inatoa ujumbe E435, ambao kwa Kiswahili ni: “Tegi sikuipata, nabahatisha tu!” Alama ya mshangao ni yao. Nani hajauliza njia Kariakoo, akaelekezwa kwa mkono mzima, pinda kushoto, ukiona msikiti vuka, akatokea kwenye duka la vitenge na shida yake ni benki? Yule mwelekezaji hakusema anabahatisha. Vim inasema.

Kurudi nako kumefikiriwa. Ctrl na T hukurudisha ulikotoka, mruko mmoja mmoja, hadi miruko 20. Ukiruka wa 21, wa kwanza unasahauliwa, na pale ulipoanzia kazi panabaki kati yako na Mungu.

Lakini haki isemwe, upo mruko ambao haujawahi kunikosesha njia. Mwongozo wa Vim nao hutumia tegi, na ukiandika :help uganda unatua papo hapo kwenye habari za kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea huko mwaka 1994, na tangu hapo akawa anawaomba watumiaji wake wawasaidie watoto hao. Kibaale nimefika mara nyingi kuliko kwenye save yetu.

Wiki iliyopita binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alisimama nyuma ya kiti changu.

“Kaka, mbona uko node_modules?”

“Natembea tu.”

Hakucheka. Aliandika ctags -R --exclude=node_modules, faharasa ikazaliwa upya. Kisha akaongeza mstari mmoja kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim, ili yale mabano yatanguliwe na g. Sasa majina yakiwa zaidi ya moja, Vim inanipa orodha nichague, badala ya kunichagulia. Hazikutimia dakika tatu.

Tangu siku hiyo nabonyeza, nafika. Kazi iliyokuwa inanishika hadi jioni inakwisha kabla ya chai ya saa nne, na bosi ameshaliona hilo. Jana kaniongezea miradi miwili. Kwa hiyo, msomaji, kama una faharasa ya zamani iliyochakaa, ya mradi wowote ule, tafadhali usiifute. Nitumie.