Ngamia Hawatatosha

Kijana wa Waberi, Garissa, anayefuata katuni za Kijapani humwambii kitu kuhusu Conan Edogawa, mpelelezi mtoto wa Gosho Aoyama. Alianza 1994, vitabu vimepita 100, na bado yuko darasa la kwanza. Hilo tunalisamehe, nasi tuna miradi ya rika lake isiyokua. Taabu ni kwamba kila anakotia mguu mtu hufa. Hapa Garissa, maiti wa tatu tu na wazee wangeshakaa maslaha, kikao cha suluhu: dia, fidia ya damu, ya mwanamume ni ngamia 100, na ukoo mzima unachangishwa. Wapi Tokyo watapata malisho? Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tangu 1960, alivuta kiko, akafumbua fumbo, mifugo ya watu ikabaki salama.